Hata Mwendo ni Wako

Mama,

Jana kanisani tulimvua binti yangu Akeyo jina lako. Nimeona afadhali uisikie habari hii kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa wengine, maana wanawake wa Usenge mmekuwa wengi huko sasa, na umbea sidhani kama mliuacha huku. Kuanzia jana anaitwa Neema. Pasta alimmwagia maji, watu wakaimba, mke wangu akalia, na mimi nikasimama pembeni na ile suti niliyovaa siku ya kukuzika. Bado inanitosha. Mikono tu ndiyo imekuwa mirefu kwangu, na sababu yake utaielewa ukisoma mpaka mwisho.

Usikasirike. Au kasirika, ni haki yako, lakini nisikilize kwanza.

Hukumwona huyu mtoto. Ulienda mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Alipozaliwa alilia tangu siku tuliyomtoa hospitali, kilio cha kukatisha roho, hataki ziwa, hataki mgongo. Kina mama wakakaa naye nyumbani kwako wakaanza kumtajia majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi, wakingoja achague mwenyewe. Wakamtaja nyanya yake mke wangu, akazidi kulia. Wakamtaja shangazi yako, akajikunja kwa hasira. Ndipo dada yako Wilfrida, aliyekuwa amekuota ukiomba mahali pa kukaa, akasema pole pole, "Akeyo." Mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Mimi mwalimu wa biolojia, ninayejua vizuri kwamba mtoto mchanga akilia sana mwisho huchoka, nilitoka nikaenda kulia nyuma ya jiko lako.

Tangu siku hiyo nimemwita Mama. Mama, umekula? Mama, vaa viatu, kuna umande. Hapa Maseno tunapokaa majirani walimwita Dani, nyanya, na yeye aliitika kwa uzito wa mtu aliyezika mume. Nilikuwa na mama tena nyumbani. Nisingeweza kukueleza furaha hiyo ungekuwa hai, ungenicheka.

Kisha akaanza kutembea, na alitembea kwa vidole. Visigino havikugusa chini hata mara moja.

Unajua mwenyewe mwendo wako ulivyokuwa. Pale ufukweni walisema Akeyo anatembea kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Viwiko vyako sikuwahi kuviona vikinyooka. Ulibeba beseni la omena kifuani, ukalitua, na mikono ikabaki imekunjwa vile vile, na kila mtu akasema ni kazi ya beseni. Na shingo yako. Mtu akikuita kutoka nyuma hukugeuza kichwa, uligeuka mwili mzima, pole pole, mguu baada ya mguu, ndipo ukamtazama. Wasiokujua walisema una maringo. Mimi nilijua kwamba una maringo, na niliyapenda sana. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuita bila sababu yoyote, nione tu ukigeuka. Ulikuwa unasema, "Nyathina, mwanangu, umeniita bure tena," na hukuwahi kukataa kugeuka.

Kwa hiyo mtoto aliposimama kwa vidole boma lote lilipiga makofi. Wilfrida alipanda kutoka ufukweni na ndoo ya omena, akamtazama akivuka uwanja, akaketi chini kabisa. "Huyu ni Akeyo mwenyewe," alisema. "Hata mwendo ni wake." Kila mgeni aliyekuja aliletewa mtoto atembee. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Alipofika nasari viwiko navyo vikaanza kukataa kunyooka, na kuna mtu, sitamtaja, akamnunulia beseni dogo la plastiki alibebe tumpige picha. Picha hiyo bado iko ukutani, chini ya yako. Nesi mmoja kliniki aliwahi kumwuliza mke wangu kwa nini visigino havishuki. Mke wangu akamjibu kwa fahari kwamba mtoto amebeba jina la nyanya yake. Nesi ni mtu wa kwetu pia. Alicheka, akasema basi hiyo imeeleweka, akampima uzito.

Tulikuwa tunapigia makofi ugonjwa, Mama. Miaka yote hiyo.

Alianguka siku ya michezo shuleni, gredi ya sita, akikimbia kwa vile vidole vyake. Hakujikinga hata kwa mkono. Mwalimu wake alisema alizimika akiwa bado anakimbia, uso ukatangulia. Niliposikia hivyo nilikaa chini pale pale kwenye ukumbi wa walimu, kwa sababu hivyo ndivyo walivyonieleza kuhusu wewe. Ulikuwa umepiga magoti kwenye wavu ukigeuza omena, ukainama, na wenzako wakadhani unaokota kijiwe. Waliendelea kukusimulia habari za harusi ya mtu wakati wewe umeshaondoka.

Na nikakumbuka mochari. Sijawahi kukwambia haya. Yule mhudumu aliniita pembeni akasema mikono ya mama imekataa, jeneza halitafunga, lakini ana namna yake ya kuinyoosha, ni sauti tu itakayonisumbua, kwa hivyo nitoke nje kidogo. Nilimwambia akiigusa nitamgusa yeye. Fundi akatengeneza jeneza lingine, lenye kina. Waliokubeba walinong'ona kwamba ni zito na ni la ajabu, linafanana na kabati, na mjomba akatangaza kwamba dada yake amekataa kulala kwa sababu kuna mtu amemfanyia kitu. Mkono wako ndio uliokuwa umekataa, wala si wewe. Lakini wakati ule nami sikuwa na jibu bora kuliko la mjomba.

Hospitali ya Kisumu tulimpata daktari mmoja, binti wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, anaongea Kijaluo vizuri kuliko wanafunzi wangu. Nilidhani ataanza na moyo. Hakuanza na moyo. Alimwambia Akeyo anyooshe mikono. Akamwambia ashushe visigino. Akamwambia aweke kidevu kifuani, kikakaribia lakini hakikufika. Akamwambia atazame mlango, na kichwa kikageuka, kwa shida. Daktari akasema shingo bado ina nafasi, tumshukuru Mungu kwa hiyo. Halafu akaniangalia mimi na kusema, "Mwalimu, na wewe nyoosha."

Nilinyoosha. Nilinyoosha mpaka mwisho, Mama, na ule mwisho haukuwa mwisho. Mkono ulibaki na pembe kidogo pale kiwikoni, na mimi umri huu wote nilidhani kila mwanamume mkono wake unaishia hapo.

Akauliza kama kuna mwingine nyumbani. Nikamweleza kuhusu wewe, mwendo, viwiko, shingo, ulivyoanguka. Nilieleza habari zako kwa sifa, kama ninavyokusifu kila mahali, na nilikuwa nimefika kwenye maringo alipoweka kalamu chini. Damu yetu ikapelekwa mbali. Majibu yalipokuja alifunga mlango wa chumba chake kwanza.

Acha nikueleze kama ninavyowaeleza wanafunzi. Ulikuwa unapenda kuniuliza jioni nimefundisha nini, halafu unasinzia kabla sijamaliza.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na katikati ya kila seli kuna kiini. Ndani ya kiini ndimo yanamokaa maagizo yote ya jinsi mtu atakavyokuwa. Kila mwaka nachora hivyo ubaoni: duara kubwa, na duara dogo katikati. Wanafunzi wanainakili, wanaipaka rangi, wanafaulu mtihani. Hakuna aliyewahi kuniuliza lile dogo linashikwa na nini pale katikati. Wala mimi sikujiuliza. Nililichora linaelea tu, kama kiini cha yai.

Kumbe limefungwa. Seli ina nyuzi zake ndani, ndizo zinazoishikilia isibonyee, ni kama mifupa yake. Na kuna protini zinazopita kwenye ngozi ya kiini. Nyingine ziko upande wa ndani, nyingine upande wa nje, zinashikana mikono katikati. Zile za nje zinaitwa nesprini, na mkono wao wa pili umeshika zile nyuzi. Kwa hiyo seli ikivutwa, kiini nacho kinajua kimevutwa, na kinakaa mahali pake. Katika ukoo wetu nesprini imetengenezwa vibaya. Inashika, lakini kwa mkono uliolegea. Kwenye ngozi au kwenye nywele haina neno. Lakini msuli kazi yake ni kuvuta, na kila ukivuta kiini kinatikiswa na kuumia kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka msuli unakonda na kujikunja. Na moyo ni msuli usiopumzika.

Unakumbuka hema la matanga ya Baba? Kamba za upande wa ziwa zilifungwa ovyo, na asubuhi nzima hakuna aliyejua, hema limesimama vizuri na watu wanakunywa chai chini yake. Upepo wa mchana ulipokuja ndipo nguzo ya katikati ikaanza kucheza. Ulisimama na vile viwiko vyako ukaita, "Vijana, shikeni kamba," na wakazishika kwa mikono mpaka pasta akamaliza. Wewe ndiwe uliyekuwa na kamba zilizolegea, Mama, na wewe ndiwe uliyeziona za hema. Nimeliwaza jambo hilo mpaka limenichosha.

Nilimwuliza daktari dawa ni nini. Ni mkweli, simlaumu. Alisema dawa ya kamba hakuna, si Kisumu tu, hakuna popote. Kuna kifaa kidogo cha kuwekwa kifuani kuukumbusha moyo upige unapojisahau, na tumepangwa foleni, tunangoja zamu. Kifaa kitaukumbusha moyo. Kamba hakitafunga. Misuli itaendelea kujikunja, na moyo wenyewe utaendelea kuchoka ukikumbushwa hivyo hivyo. Nikauliza sasa tufanye nini. "Tutaendelea kuangalia," alisema. Basi ndiyo tiba niliyorudi nayo nyumbani, kuangalia.

Kila asubuhi kabla ya shule namlaza kitandani na kumvuta miguu, visigino vishuke, na viwiko vinyooke. Inatakiwa kuchelewesha. Ananiambia, "Baba, unanivuta kama ng'ombe wa mnada." Tunacheka. Mimi najua kipimo cha mguu wa mwaka jana na cha mwaka huu, na sijamwambia.

Na mimi pia moyo umeanza kuruka. Ochieng ndugu yangu mikono yake inanyooka, amebahatika, na sasa kila mkutano wa familia anainyoosha bila kuombwa.

Habari zikafika nyumbani. Sikujua zitafika zimevaa nguo gani. Midomo ile ile iliyosema hata mwendo ni wake, sasa inasema Akeyo amekuja kumchukua. Eti umekaa peke yako muda mrefu. Eti jina lako ni zito, halibebwi na mtoto. Wilfrida mwenyewe, aliyelitamka, alikuja mpaka Maseno kwa mguu mbovu akasema, "Mimi ndiye nilimwita, acha mimi nimtoe." Mke wangu akaenda kwa pasta. Pasta akasema jina linaweza kubatizwa upya.

Niligombana nao wote. Nilimwambia mke wangu jina halina kamba. Nikang'oa kalenda ukutani, nikamchorea nyuma ya karatasi yake duara na duara, na zile protini zilizoshikana, na nyuzi. Nilichora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora ubaoni. Alitazama kwa muda mrefu, maana si mjinga, unajua nilioa mwanamke mwenye akili. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hii kitu imetoka kwa mama yako." Nikasema ndiyo. "Imepitia kwako." Ndiyo. "Na hakuna dawa." Hakuna. Akanirudishia kalenda yangu. "Basi yako na yangu ni kitu moja," alisema. "Ni vile tu yangu naweza fanyia kitu."

Kila ninachokijua ni kweli na hakina mkono wa kumshika mtoto. Afadhali nisingejua. Usiniambie elimu ni taa, niliyakariri hayo kwenye sherehe ya kufunga shule mwaka hadi mwaka. Taa imewaka, nimeona chumba kizima, na hakuna mlango.

Ndiyo maana nilikubali. Nataka ujue kwamba sikukubali kwa sababu naamini uliyafanya wanayoyasema. Nilikubali kwa sababu mke wangu alihitaji kufanya jambo moja kwa mikono yake, na mimi sikuwa na jingine la kumpa.

Jana basi. Maji, wimbo, machozi. Baadaye tulikula nje ya kanisa, wali na kuku, na Pasta akasema tumwite mtoto jina jipya mara nyingi ili limkae. Watu wakaanza, huku wanacheka, Neema huku, Neema kule, Neema leta soda. Naye anaitika, mtoto mtiifu. Alikuwa amenipa mgongo, karibu na wanawake wanaoosha vyombo, ameshika sahani kifuani kwa ile mikono. Mimi nilikuwa bado sijalitamka. Nikaona mke wangu ananitazama. Nikaita, "Neema."

Nitakwambia ukweli kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nilikuwa natumaini. Mimi, na kalenda yangu. Kwa ile nusu dakika nilitumaini kwamba atakuwa mtu mwingine.

Alinisikia. Akageuka. Kichwa hakikugeuka, Mama. Kile kichwa kilichotazama mlango kwa daktari hakikusogea kabisa. Aligeuka mwili mzima, pole pole, kwa vidole, mguu baada ya mguu, sahani kifuani, ndipo akaniangalia. Wanawake wa vyombo waliacha kuosha. Wilfrida alifunika uso kwa leso yake. Niliyekuwa namwita bure utotoni alikuwa amesimama pale ananingoja niseme nilichomwitia. Nilimwambia aongeze wali.

Jioni nilimwuliza shingo imeanza lini. "Kitambo, Baba," alisema. "Nilifikiria nimelala vibaya."

Haya ndiyo yaliyotokea tangu uende. Mengine ni madogo. Ziwa limeleta magugu mpaka mashua za Usenge zinasukumwa kwa miti. Jiko lako limebomoka upande mmoja. Omena ninayonunua sokoni ina mchanga, na kila nikitafuna mchanga nakuwaza.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona. Nakuahidi kwamba nyumbani kwangu hakuna atakayekutaja kwa ubaya nikiwa bado nina sauti. Nakuahidi nitamvuta miguu kila asubuhi, hata ikiendelea kukataa. Nitamwita Neema mbele ya mama yake na mbele ya Pasta, na tukiwa wawili nitamwita Mama, maana hilo hawakulimwagia maji. Ochieng nimeshamwagiza jeneza langu liwe na kina kama lako, na mtu yeyote asiguse mikono yangu. La mtoto sijamwagiza mtu. Sitaagiza.

Nina ombi moja, na usinicheke, maana najua nilichochora kwenye kalenda. Kama kuna hata chembe ya ukweli katika wanayoyasema, kama kweli huko mtu anaweza kuona upweke, usimwite huyu. Niite mimi. Niite hata bure, kama nilivyokuwa nakuita. Nakuahidi nitageuka.

Oriti, Mama.

Mwanao,
Owino